Ugonjwa wa Tumbo Usiokwisha

Masomo: Marko 5:25–34, 1 Timotheo 5:23, 2 Wakorintho 12:7–10



Yako magonjwa ambayo mtu huyataja mbele za watu pasipo kuona haya. Mwenye homa husema ana homa. Aliyevunjika mguu huuweka mguu wake juu ya kigoda, na majirani huja na uji na kuni. Walakini yako magonjwa mengine ambayo mwenye nayo huyaficha hata kwa watu wa nyumbani mwake, kwa kuwa yamekaa mahali ambapo adabu yetu hairuhusu kupataja. Mwezi huu twataka kujifunza habari za ugonjwa mmoja wa namna hiyo, nao ni ugonjwa wa matumbo unaodumu miaka mingi, ambao hupungua kwa muda, kisha hurudi. Hatuandiki ili kumtahayarisha mtu, bali ili kumwondolea haya.

Tumfikirie mama mmoja wa milimani kwetu Upare. Yeye ni mfano tu, lakini wainjilisti wakitazama sana katika mitaa yao watamwona. Zamani mama huyu aliketi mbele pamoja na waimbaji. Baadaye aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Sasa haji kabisa. Wengine wasema amepoa katika imani. Wengine wanong'ona kwamba amelogwa na jamaa za mumewe kwa ajili ya shamba. Ukweli ni huu: mara nane au kumi kwa siku tumbo humkaza kwa ghafula, naye hana budi kwenda mbio chooni, na mara nyingine huona damu. Choo cha kanisa ki mbali, nyuma ya shule, tena hakina maji. Akitaka kushuka Same kwenda hospitali, huacha kula tangu jana yake, maana gari la alfajiri halisimami njiani kwa ajili ya mtu mmoja. Mama huyu hakukosa imani. Amekosa choo cha karibu, na mtu wa kumweleza.

I. Mwanamke aliyekuja kwa nyuma

Marko atueleza habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikwenda kwa waganga wengi, akagharimu vyote alivyokuwa navyo, wala hakupata nafuu, bali alizidi kuwa mgonjwa. Tena kwa sheria ya Walawi 15 alihesabiwa kuwa najisi: kitanda chake, kiti chake, na kila aliyevigusa. Basi si mwili wake peke yake ulioumwa. Miaka 12 hakuketi na watu.

Tuangalie jinsi alivyomjia Bwana. Hakuja kwa mbele kama Yairo, mkuu wa sinagogi, aliyemwangukia miguuni mbele ya mkutano wote. Alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi, akitumaini kwamba hakuna atakayejua. Akapona pale pale. Ingalikuwa kupona kwa mwili ndiyo haja yake yote, habari ingalikwisha hapo. Lakini Bwana alisimama, ijapokuwa binti Yairo alikuwa katika kufa, akauliza ni nani aliyemgusa. Mwanamke akaja akitetemeka, akamwambia kweli yote. Ndipo Bwana akamwita binti, akampa ruhusa ya kwenda kwa amani.

Kwa nini Bwana alimtoa mbele za watu? Si kwa kumwaibisha. Alimponya mwili kwa siri, lakini kwa kumwita binti mbele ya watu wote alimrudisha kwa jamaa zake. Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumwita najisi, maana Bwana alikuwa amemwita mtoto wake. Hili ndilo tunalotaka kila msomaji alishike katika somo hili: mwenye ugonjwa huu ahitaji dawa, ahitaji na kuombewa, lakini ahitaji pia kurudishwa katika watu, na kazi hiyo ya tatu tumepewa sisi.

II. Ugonjwa wenyewe

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa kama meta 6, ambamo nguvu ya chakula huchukuliwa na damu. Kisha mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama meta moja na nusu, ambamo maji hunyonywa, na kinachosalia hutoka. Utumbo ukiwa na vidonda, kazi hizo zote huharibika. Chakula hakimpi mtu nguvu, maji hayanyonywi, na damu humpotea kidogo kidogo.

Yako magonjwa mawili makubwa ya namna hii. La kwanza huitwa kolitisi ya vidonda. Hilo hushika utumbo mpana tu, likianzia sehemu ya mwisho iliyo karibu na njia ya haja kubwa, likapanda juu. Dalili zake ni kuharisha kwa majuma mengi, choo chenye damu na kamasi, haja ya ghafula isiyongoja, na kuamka usiku. La pili huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la tabibu wa New York aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenzake. Huo waweza kushika mahali po pote tangu kinywa hata mwisho wa matumbo, nao huchimba ndani sana, hata utumbo huwa mwembamba mahali pengine, au hutoboka. Mwenye ugonjwa wa Crohn huumwa tumbo, hukonda, hupata homa, na mtoto mwenye nao huweza kuchelewa kukua.

Asili yake ni nini? Mungu ameweka ndani ya miili yetu askari wa kupigana na vijidudu. Katika magonjwa haya askari hao hukosea, wakaupiga utumbo wa mwili wao wenyewe, wala hawaachi. Kwa nini hukosea, matabibu hawajajua yote. Sehemu hutoka katika ukoo, na sehemu katika mambo ya nje. Lakini twajua vema mambo mawili. Ugonjwa huu hauambukizi: mtu aweza kula katika chungu kimoja na mgonjwa, na kulala naye kitanda kimoja, pasipo hofu. Tena hautoki kwa uchawi wala kwa laana ya wazee. Anayemwinulia jirani kidole kwa ajili ya ugonjwa huu amshuhudia jirani uongo, naye amevunja amri ya nane.

Zamani watu walidhani kwamba Afrika haina magonjwa haya. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji Mkristo kutoka Ireland, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata miaka ya 1960, aliona kwamba magonjwa mengi ya matumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa haba kwa watu wa vijijini Afrika, naye akafikiri ni kwa sababu ya chakula chao kisichokobolewa. Mafundisho yake yamewafaa watu wengi duniani. Walakini haba si hakuna. Siku hizi, kwa kuwa hospitali zetu za rufaa zina vyombo vya kutazama ndani ya utumbo, magonjwa haya huonekana kwetu pia. Basi mtu asiambiwe kwamba ugonjwa wake ni wa Wazungu, na kwa hiyo hawezi kuwa nao.

III. Kutafuta jina la ugonjwa

Si kila tumbo linaloharisha lina magonjwa tuliyoyataja. Kwetu yako mengine mengi yanayofanana nayo, nayo mengi yana dawa ya kuyamaliza kabisa. Iko amiba, ambayo nayo huleta damu na kamasi. Kiko kichocho cha matumbo. Anayefanya kazi miguu ikiwa ndani ya maji ya mifereji na ya mashamba ya mpunga, kama wafanyavyo wengi katika nchi ya tambarare kutoka Kisiwani hata Ndungu na Kihurio, asiache kupimwa. Kiko kifua kikuu cha matumbo, maana kifua kikuu hakikai kifuani tu. Viko virusi vya UKIMWI, na iko saratani. Tena kuna utumbo unaosumbua kwa maumivu, gesi, kuharisha na kufunga choo, lakini hauna vidonda wala hautoi damu. Huo huchosha, ila hauharibu utumbo.

Kwa ajili hiyo ni hatari mtu kununua dawa dukani kwa kubahatisha. Tutaje hatari moja tu. Kifua kikuu cha matumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana kama mapacha. Lakini dawa ya predinisoloni, inayotuliza ugonjwa wa Crohn, huwalaza askari wa mwili. Akipewa mwenye kifua kikuu pasipo dawa za kifua kikuu, ugonjwa wake huwaka kama moto wa nyika. Basi jina la ugonjwa sharti lijulikane kwanza.

Njia yake ni hii. Mwenye kuharisha zaidi ya majuma manne, au mwenye kuona damu chooni hata kama ni mara chache, aende zahanati ya karibu, apimwe choo na damu. Isipojulikana sababu, aombe kupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Same. Na ikihitajika, atapelekwa KCMC, Moshi, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, iliyo mbali na Same kama kilometa 100. Huko tabibu aweza kutazama utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera. Kipimo hiki huitwa kolonoskopi. Siku iliyotangulia mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha matumbo; kisha hulala ubavu, na kwa kawaida kazi hiyo haichukui hata saa moja. Tabibu hukata vipande vidogo sana vya utumbo vikapimwe. Wengi wamekikimbia kipimo hiki kwa haya, hasa wanaume. Twawaambia ndugu hao: tabibu ameona maelfu ya miili, naye haoni aibu yako, huona kidonda chako.

Mbele ya tabibu, semeni kweli yote, kama yule mwanamke. Msiseme, tumbo lanisumbua kidogo. Semeni ni mara ngapi kwa siku, mara ngapi usiku, damu ni kiasi gani, na uzito umepungua kiasi gani. Andikeni katika daftari mambo haya kwa majuma mawili kabla ya kwenda. Mgonjwa aliyepanda gari saa tisa ya usiku, akalipa nauli, akangoja foleni mchana kutwa, kisha akaficha nusu ya habari zake, amepoteza safari yake.

IV. Dawa na chakula

Sisi watu wa Upare twajua ndiva. Wazee wetu walizijenga ili kukusanya usiku maji machache ya mto, yapate kufunguliwa asubuhi na kugawiwa kwa zamu. Lakini ndiva haijengwi mara moja ikaachwa. Kila mwaka matope huingia, nasi twaitana kwa msaragambo kuyazoa. Hakuna anayesema kwamba ndiva ni mbovu kwa sababu yahitaji kuzolewa tena. Ndivyo ilivyo kwa ugonjwa huu. Dawa haziung'oi, huutuliza, na kuutuliza huko ni kazi ya kila siku. Mgonjwa akipata nafuu, nafuu hiyo ni tunda la dawa, wala si amri ya kuiacha.

Dawa zitumikazo mara nyingi ni hizi. Sulfasalazini na mesalazini hutuliza vidonda vya utumbo mpana. Sulfasalazini huweza kuugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na mtu asiogope. Predinisoloni huzima moto mkali, lakini si dawa ya kumezwa miaka yote. Mtu aliyeimeza kwa majuma kadha asiiache kwa ghafula hata siku moja, maana mwili umekwisha kusahau kujitengenezea dawa ya namna hiyo, naye aweza kuanguka na hata kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya tabibu. Azathioprini hutumika kwa muda mrefu, nayo yahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Tena mwenye ugonjwa huu ajihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila duka, kwa kuwa zaweza kuuamsha ugonjwa. Na aliye na kolitisi miaka minane au zaidi amwulize tabibu habari za kuchunguzwa utumbo, maana hatari ya saratani huongezeka.

Mara nyingine hapana budi kupasuliwa. Wako watu ambao choo chao hutokea katika tundu la tumboni, kikaingia katika mfuko. Watu hao huweza kulima, kufundisha, kuzaa na kuimba. Tusiwaangalie kana kwamba wamekwisha kufa nusu.

Kuhusu chakula, hakuna chakula kinachoponya ugonjwa huu, wala hakuna kimoja kilichoharamishwa kwa wote. Makande ndiyo chakula chetu, wala hatuoni haya kutaniwa kwa ajili yake. Lakini mahindi mazima na maharagwe yenye maganda ni mzigo mzito kwa utumbo wenye vidonda, na kwa utumbo uliokuwa mwembamba yaweza kuuziba. Siku za ugonjwa mkali, uji, wali laini, viazi, ndizi za kupikwa, mayai na samaki vyafaa zaidi. Akipata nafuu arudie chakula chake polepole, akiangalia kipi kinampatana. Tangawizi ya Mamba ni kinywaji chema kwa anayepatana nayo. Si dawa ya vidonda. Na kupigwa bomba kwa miti shamba sharti kuachwe kabisa, maana kwaweza kuutoboa utumbo uliokwisha kudhoofika.

Anayeharisha sana anywe maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 visivyorundikwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Walakini apelekwe hospitali upesi, bila kungoja kuche, akiwa na damu nyingi, au homa kali, au tumbo limevimba na kuwa gumu, au anatapika na hapiti choo wala upepo, au anazimia.

V. Sala na dawa

Hapa twafika mahali ambapo wengi hujikwaa. Yuko mwinjilisti amwambiaye mgonjwa: Ukiendelea kumeza vidonge, hujaamini. Na yuko mgonjwa aonaye kwamba, kwa kuwa ameombewa mara tatu na ugonjwa ungalipo, Mungu amemkataa. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja, nalo ni bovu.

Tumtazame Timotheo. Huyu alikuwa mwalimu wa kanisa, aliyewekewa mikono, naye alikuwa na tumbo bovu na magonjwa ya mara kwa mara. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa wengi waliponywa, hakumwandikia kwamba imani yake ni haba. Alimwandikia aache kunywa maji matupu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hiyo ilikuwa dawa ya siku zile. Wapenda pombe wasiishike kama hati ya ruhusa. Tena Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, wala haukuondolewa. Alipewa neema ya kuuchukua, na nguvu katika udhaifu. Je! twathubutu kusema kwamba Paulo alikosa imani? Basi mgonjwa aliyeomba na hakupona hayuko nje ya Kanisa. Ameketi karibu na mitume.

Na Martin Luther, ambaye kwa jina lake twaitwa, alikuwa mtu wa magonjwa mengi. Alipofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, aliteswa sana na kufunga choo. Hakulificha jambo hilo. Aliwaandikia rafiki zake wazi wazi, akafikiri hata kwenda Erfurt kuwatafuta matabibu, na rafiki yake Spalatin alimpelekea dawa, naye akazitumia. Katika ngome hiyo hiyo, kabla ya kutoka mwaka 1522, alifasiri Agano Jipya kwa lugha ya watu wake. Miaka michache baadaye, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, hakukimbia, bali alikaa na wagonjwa. Na katika kitabu kidogo alichoandika siku zile alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa, na kwamba anayezikataa kwa kujidai imani anamjaribu Mungu.

Na sisi tunayo sababu ya karibu zaidi ya kukumbuka. Mwaka 2011 maelfu ya watu wa nchi yetu na wa nchi za jirani walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa na watu Babu. Magari yalijipanga kilometa nyingi, na wagonjwa wengine walikufa njiani. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na Mungu ndiye hakimu wetu sote. Lakini wako waliokunywa kikombe kile, kisha wakaacha dawa zao za UKIMWI na za magonjwa mengine yasiyokwisha, wakidhani kwamba kuzimeza tena ni kukana uponyaji. Wengine walirudi hospitali wakiwa dhaifu sana. Jambo hilo lisitokee tena katika mitaa yetu kwa kinywa cha mtu aliyevaa joho.

Basi kanuni iwe hii: mwombee mgonjwa, wala usimwondolee dawa. Yakobo 5 yatuagiza wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Haituagizi tutupe vidonge vyake. Mungu akipenda kumponya mtu kabisa, tabibu ataliona jambo hilo kwa vipimo, naye mwenyewe atapunguza dawa. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa.

VI. Msaragambo wa usharika

Ndiva haizolewi na mtu mmoja. Kadhalika mgonjwa wa miaka mingi hawezi kuachiwa mumewe au mkewe peke yake. Twaleta mashauri haya kwa wazee wa kanisa na wainjilisti.

1. Choo cha kanisa kiwe karibu, kisafi, chenye maji, sabuni, na mlango unaofungwa. Jambo hili laonekana dogo; kwa mgonjwa huyu ndilo linaloamua kama atakuja ibadani au hatakuja. Na benchi la karibu na mlango liwe la wanaohitaji kutoka, pasipo mtu kugeuka kuwatazama.

2. Mgonjwa asiyeweza kuja apelekewe Chakula cha Bwana nyumbani. Asingoje kuomba mwenyewe.

3. Siri itunzwe. Bwana alimwita yule mwanamke, lakini mwanamke ndiye aliyesema. Mwinjilisti asitangaze ugonjwa wa mtu katika maombi ya usharika bila idhini yake.

4. Apatikane mtu mmoja wa kumsindikiza hospitali, wa kusaidia nauli, na wa kumkumbusha siku ya kurudi. Washarika wahimizwe kuingia katika bima ya afya wakiwa wazima.

5. Mwenye kumtembelea asikae sana, wala asitoe hadithi za waliokufa. Aulize: Nikusaidie kazi gani? Kisha ateke maji, au apalilie mstari mmoja wa mahindi.

6. Moyo wake uangaliwe. Ugonjwa usiokwisha huchosha roho. Akisema hataki kuishi, asikemewe. Asiachwe peke yake, na tabibu aambiwe siku ile ile.

Na wewe ndugu unayesoma haya, nawe unajua kwamba ni habari zako, twakuambia neno moja. Chagua mtu mmoja mwaminifu, umwambie juma hili. Usijaribu kumwambia kila mtu. Kisha nenda zahanati. Ukiwa umeketi njiani kwa uchovu, au umejifungia nyumbani siku ya Bwana, kumbuka kwamba yeye aliyesimama katikati ya msongamano kwa ajili ya mmoja aliyejificha, hajaacha kusimama.

Maswali ya kujifunza katika nyumba na mitaa

1. Kwa nini Bwana hakumwacha yule mwanamke aende zake kimya baada ya kupona?
2. Paulo alimpa Timotheo shauri gani, na shauri hilo latufundisha nini juu ya dawa?
3. Taja magonjwa matatu yanayofanana na kolitisi ya vidonda. Kwa nini ni hatari kubahatisha dawa?
4. Mtu aliyepata nafuu ataka kuacha predinisoloni leo. Utamwambia nini?
5. Tazameni choo cha kanisa lenu na benchi la karibu na mlango. Mtabadili nini kabla ya mwezi ujao?

Sala

Bwana Yesu Kristo, wewe ulihisi mguso wa mmoja katikati ya wengi. Waangalie ndugu zetu wanaoumwa kwa siri. Wape matabibu macho ya kuona na mikono ya upole. Zibariki dawa, uwape wagonjwa saburi ya kuzitumia kila siku. Utusamehe sisi tuliosema vibaya juu ya waliokosa kuja nyumbani mwako, tusiulize sababu. Wasiopona upesi, uwashike wasikate tamaa. Na sote utufikishe kwako, ambako hakuna kuumwa tena. Amina.